Pikapu ya Baba na Maji ya Kisima Chetu

Mama alipopata kiharusi, kitu kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba aliacha kula na sisi.

Mkono wake wa kulia ulilala. Akabaki na wa kushoto, na sisi tumelelewa kwamba mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo si za kwenye sinia. Shehe wa msikiti wetu alikuja kumjulia hali, akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa ana udhuru, ale kwa mkono wowote alionao. Mama alimshukuru vizuri sana. Shehe alipoondoka akaniambia, "Najua dini inaniruhusu. Roho yangu ndiyo hairuhusu." Tangu siku hiyo akawa anakula chumbani, peke yake, pazia limeshushwa. Mimi niliyekula naye sinia moja tangu nizaliwe nikawa nakula barazani, nikisikia kijiko chake kikigonga sahani upande wa pili.

Daktari wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya mjini Bagamoyo alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, ila kwa ukali alinizidi, na mimi si mtu mpole. Alimkunja mama vidole, akavikunjua, akanitazama usoni. "Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye kazi," alisema. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nane mchana. Mkono ukiachwa sasa hivi, utakauka hivyo hivyo." Nikamwambia tutafika. Nilisema hivyo nikiwa sijui tutafikaje.

Nyumbani kwetu ni Mlingotini, na kutoka hapo hadi mjini si mbali kwa mtu mzima. Kwa mtu ambaye nusu ya mwili haimsikii, ni mbali. Tulikwenda mara tatu kwa bajaji. Mara ya tatu bajaji iliingia shimoni, mama akaporomoka kitini, akashindwa kujishika kwa sababu mkono wa kujishikia ndio huo uliolala. Hakuumia sana. Lakini alipofika nyumbani alitangaza kwamba hapandi tena hicho kitoto cha gari, na mama akitangaza jambo, basi limetangazwa.

Ndipo nikaigeukia pikapu.

Ilikuwa ya baba. Alifariki miaka sita iliyopita na tangu hapo ilikaa ubavuni mwa nyumba, imefunikwa turubai, tairi zimekaa chini, kuku wanatagia kitini. Enzi zake baba alibeba nayo mwani wa akina mama wa kijijini kwetu na samaki wakavu kutoka Saadani, kwa hiyo chumvi iliijua kuanzia bodi hadi chesisi. Ukiigonga mlangoni, kutu inamwagika. Kila mtu aliyeiona alinishauri niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini kwenye pikapu hiyo ndiko nilikojifunza kuendesha, na kiti chake cha mbele ni kirefu, kipana, mtu anaweza kukaa ameegemea mto kila upande. Nilimpima mama kwa macho, nikakipima kiti, nikaona anatosha.

Mwalimu mwenzangu, mtu wa parokia ya mjini, akanielekeza kwa fundi anayesali naye. Kijana wa makamo, mtu wa nyanda za juu kusini, ndiyo kwanza ana miezi miwili Bagamoyo. Alikuja kwa bodaboda, sanduku la vyuma mapajani. Alimwamkia mama kwanza, "Shikamoo, Bibi," mama akaitika "Marahaba, mwanangu," ndipo akaliinua turubai. Kuku mmoja akaruka na kelele. Fundi akafungua boneti, akachungulia muda mrefu hadi nikaanza kukasirika.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "gari hili halijafa. Limesahauliwa tu."

Nilimpenda kwa neno hilo moja.

Kazi ilichukua wiki tatu, kwa sababu alikuja jioni na siku za Jumamosi. Breki zilikuwa zimeshikana, akazifungua zote na kuzisafisha. Klachi, betri, tairi, mafuta ya injini yaliyokuwa meusi na mazito kama shira iliyoungua. Chini ya miguu ya dereva palikuwa na tundu ambalo kwalo ungeweza kuona kuku wakipita. Alichukua kipande cha bati nene, akakipeleka mjini kukatwa, akarudi na mchomeleaji. Pampu ya maji alipoitoa ilikuwa imeliwa, mapanga yake yamebaki visiki. Aliigeuza mkononi akashangaa. "Hii imekula nini?" aliuliza. Nikamjibu kwamba gari ni la zamani. Rejeta nayo aliizibua na kuiosha mara nyingi, ikatoa tope jekundu, akaniambia itatusogeza.

Kila alipokuja tulimpa chai. Kwetu mtu hafanyi kazi uani kwako koo likiwa kavu. Mama hakuweza kupika lakini aliweza kusimamia, na alisimamia chai ya fundi kutoka kitandani: iliki iwe nyingi, tangawizi kidogo, kikombe kile kikubwa, na pembeni muhogo wa kuchemsha au vitumbua. Fundi alikunywa yote. Mara nyingine alifumba macho kidogo alipomeza, nikajua anaifurahia. Alipomaliza alisema, "Ahsante, Bibi, nimeshukuru sana," na mama, pazia limeshushwa, alijibu, "Mwongezeeni." Tukamwongezea.

Siku injini ilipowaka, nilipiga kigelegele mwenyewe, mtu mzima, mwalimu wa sayansi mwenye miaka ishirini na mbili kazini. Moshi ulifunika ua mzima. Mama aliletwa mlangoni akiwa amekaa kwenye kiti, akasikiliza ule mlio, akasema, "Ndiyo yenyewe. Baba yenu alikuwa akiniamsha nayo." Akafuta machozi kwa mkono wa kushoto, kisha akauficha ndani ya kanga.

Fundi akanipa masharti. Kuna mpira mmoja wa rejeta unavuja kidogo. Mpya ataagiza Dar es Salaam. Kwa sasa kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nifungue kifuniko nitazame. "Maji yakipungua, ongeza maji safi," alisema. "Safi tu, Mwalimu. Usiweke machafu."

Mimi nikiambiwa kitu nakifanya. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilichota ndoo ya maji kisimani kwetu, nikayachuja kwa kitambaa cheupe nilichokitenga kwa kazi hiyo, nikaijaza rejeta hadi shingoni. Hata punje moja ya mchanga haikupita. Nilijiona mtu makini kweli.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za raha. Tulikwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mama katikati ya mito yake kama bibi harusi, akiitikia salamu za watu njia nzima. Daktari akasema kidole gumba kimeanza kusikia. Mama alijifanya hajali, lakini njiani kurudi nilimwona anakitikisa kile kidole chini ya kanga, anakitazama, anakitikisa tena. Nikaendesha polepole ili safari isiishe haraka.

Wiki ya tatu, Jumatano, tukiwa tumekaribia Kaole, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilidhani ni geji imeharibika. Kisha nikasikia harufu, kisha mvuke ukatoka kwenye boneti, kisha injini ikagonga mara mbili ikazima. Gari lilikuwa limechemsha, saa saba mchana, jua la utosi, mama ndani.

Watu wa pwani hawana ubaya. Kabla sijashuka vizuri, mwanamke mmoja alikuwa ameshatoka na kiti cha kamba kwa ajili ya mama, mwingine ameleta ndoo ya maji, mwingine mwavuli. Walinipepea na mimi. Nilimpigia fundi simu nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwita tapeli. Nilimuuliza kama kule kwao magari yanatengenezwa kwa maombi. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Pole sana, Mwalimu. Nitakuja Jumamosi." Upole wake ukanizidishia hasira.

Saa nane ikapita tukiwa bado barabarani. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kamba, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Akasema bila kunitazama, "Tuache, mwanangu. Mkono wenyewe umeshazoea kulala."

Hapo niliogopa. Niliogopa kuliko siku ile aliyoanguka kwa kiharusi, maana siku ile alikuwa anapigana. Tulivutwa hadi nyumbani na lori la mchanga, na usiku huo mama hakugusa hata kile chakula chake cha nyuma ya pazia.

Jumamosi fundi akaja kama alivyoahidi. Sikumwamkia vizuri. Lakini mgeni ni mgeni, na mama alishaagiza, kwa hiyo chai ilitoka kama kawaida, kikombe kile kile kikubwa. Akakiweka kando, akafungua rejeta. Akachungulia. Akaingiza waya, ukatoka na uji mzito wenye rangi ya matofali na vipande vyeupe ndani yake. Akavisugua vile vipande vyeupe kwa kidole, akavilamba.

Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekunja uso. "Mwalimu, nani ameweka maji ya bahari humu?"

Damu ikanipanda. "Maji ya bahari? Wewe unatuonaje? Sisi tuna wazimu?"

"Sisi tuna wazimu?" mama akarudia kutoka chumbani, kwa sauti iliyokuwa na nguvu kuliko nilivyoisikia wiki nzima.

"Ni maji ya kisima!" nikamwambia. "Maji safi, nayachuja kwa mkono wangu. Maji tunayokunywa. Ndiyo hayo hayo tunayokupikia chai!"

Fundi alifuta mikono. Akakitazama kile kikombe. Akanitazama mimi. Akakitazama tena kikombe, na nikaona jambo linapita usoni mwake, aibu kwanza, kisha kitu kinachofanana na kicheko anachokizuia.

"Mwalimu, nisamehe," alisema taratibu. "Ile chai ina chumvi."

"Chumvi?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilidhani ndiyo desturi. Nilijua watu wa pwani mnatia chumvi kwenye chai."

Wiki tatu nzima mtu huyu alikaa uani kwetu, akameza vikombe viwili viwili vya chai ya chumvi, akashukuru, akaongezewa, akanywa. "Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nitasemaje, Mwalimu? Bibi ananikaribisha, mimi niseme chai yake ina chumvi?"

Nikakichukua kikombe chake nikakinywa. Ilikuwa chai. Iliki, tangawizi, tamu. Nikamwambia mimi siisikii hiyo chumvi. Akaenda kwenye sanduku lake, akatoa chupa ya maji aliyoyajaza mjini kwenye bomba, akanipa. Nikanywa maji yake, kisha nikachota ya kisima chetu nikayaonja. Ndipo nikaisikia, kwenye ncha ya ulimi na kwenye koo. Ilikuwepo siku zote. Nimezaliwa nayo, nimeoshwa nayo, nimeizoea kama mtu anavyozoea sauti yake mwenyewe.

Nikakaa kwenye ngazi ya baraza. Miaka ishirini na mbili nawaandikia watoto ubaoni kwamba maji safi hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha, na asiyeweza kuyasema matatu hayo namkosesha. Na mimi mwenyewe kila asubuhi, kwa kitambaa cheupe, nilikuwa nainywesha injini ya marehemu baba yangu chumvi. Na baba kabla yangu. Ile pampu iliyoliwa ikawa visiki, sasa nilijua imekula nini.

Kutoka chumbani mama akauliza, "Anasema chai yangu ina nini?"

"Chumvi," nikamjibu. Kisha mama akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, na fundi akashindwa kujizuia naye akacheka, ameshika boneti. Mimi nilicheka mwisho, maana mimi ndiye niliyekuwa na deni la kuomba radhi. Nilimwomba radhi hapo hapo, kwa kila neno nililolitamka kwenye simu, na lile la maombi nikalitaja peke yake. Akasema, "Yameisha, Mwalimu. Ila sasa tukubaliane kuambizana ukweli. Na mimi nitaanza: silinda hedi imepinda kwa joto."

Ilipelekwa Dar kuchongwa, na huko huko ikapatikana rejeta iliyotumika lakini nzima, gasketi mpya na ule mpira uliokuwa ukivuja. Siku kumi pikapu ilikaa kifua wazi. Siku hizo kumi zilikuwa ndefu. Nilimweleza daktari kwa simu, akanigombeza kwanza, halafu akaniambia nimpe mama kitu cha kukamata na kufinya nyumbani, chochote anachokizoea. Nikakuna nazi, nikampa kwenye bakuli, nikaushika mkono wake wa kulia nikauzamisha. "Kamua, mama." Siku ya kwanza yalitoka matone. Mama akayatazama akasema hilo si tui, hayo ni machozi ya nazi. Kesho yake akaomba nazi nyingine mwenyewe. Sikusikia tena habari ya kuacha.

Fundi aliporudisha kila kitu mahali pake, alisimama mbele ya boneti akanitangazia sheria mpya: dawa ya rejeta aliyoileta yeye, na ikipungua, maji ya mvua au ya bomba, basi. Tukaweka pipa chini ya mchirizi wa bati, na masika yalikuwa yameanza, likajaa kwa siku mbili. Mama alimwagiza mdogo wangu wa kiume aliyekuja likizo aandike maneno kwenye pipa kwa chaki: MAJI YA GARI. "Gari linakunywa maji ya Mungu," akasema, "sisi tuendelee na ya kisima, tumeshazoea."

Haikuchemsha tena. Nimeiandika sentensi hii polepole kwa sababu naipenda. Haikuchemsha Kaole, haikuchemsha kwenye foleni ya mjini siku ya mnada, haikuchemsha siku tuliyokwama kwenye tope tukasukumwa. Wiki za kwanza macho yangu hayakubanduka kwenye ule mshale. Nilimjibu mama bila kumtazama, nikasalimia watu bila kujua ni nani. Kisha siku moja tulifika hospitali nikagundua kwamba njia nzima sikuutazama hata mara moja. Nilizima injini nikakaa, mikono kwenye usukani, nikavuta pumzi iliyofika tumboni. Nilikuwa nimesahau kwamba pumzi hufika huko. Mama akauliza tunangoja nini.

Tulikosa siku chache mno tangu hapo, na hakuna hata moja iliyokuwa kosa la gari. Kidole gumba kikafuatwa na cha shahada. Mkono ukajifunza kushika kitana, kisha kifungo, kisha ukingo wa kanga. Daktari mkali akatabasamu, nikajua meno yake yakoje.

Wiki iliyopita fundi alikuja kubadilisha mafuta ya injini. Ilikuwa Jumamosi, adhuhuri, na mchana huo tulikuwa tumepika wali na samaki wa kupaka. Alipomaliza kunawa nikamkaribisha barazani. Nilikuwa nimeinama naweka sinia mkekani niliposikia fimbo ya mama ikigonga sakafu. Pazia lilisogezwa.

Alitoka mwenyewe. Mkono wa kushoto fimbo, mkono wa kulia kikombe, kile kikubwa, kimejaa nusu. Kilitetemeka. Chai ilimwagika kwenye kanga yake, ikamwagika sakafuni, na mimi nikataka kuruka nimpokee lakini fundi alinizuia kwa macho. Alisimama, akainama, akaipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Leo nimekupikishia kwa maji ya gari."

Fundi akanywa. Akainua uso. "Bibi, mbona bado ina chumvi?"

"Nimekutilia kidogo," mama akajibu. "Nilijua umeshaizoea."

Kisha akashuka mkekani taratibu, akaiweka fimbo pembeni, akanawa mkono wa kulia. Akasema bismillahi, akakusanya wali kwa vidole vile vitano, tonge dogo, likamomonyoka, akalikusanya tena, akalifikisha kinywani. Hakumtazama mtu yeyote. Akanyoosha mkono ule ule akachambua samaki, akamwondolea mgeni miiba, akamsogezea upande wake wa sinia.

Nikasema naenda kutazama maji ya rejeta. Nilikuwa nimeyatazama asubuhi. Nilifungua kifuniko, nikainama hapo hadi macho yakakauka, na maji yalikuwa yamejaa hadi shingoni.